Mama Aliniombea Niitwe

Siku ya mwisho ya usaili, afisa mmoja mrefu alitupanga kwenye nyasi, wavulana kwa wasichana, akatuambia neno moja ambalo lilinikosesha raha kwa wiki saba. Hakusema tutapigiwa simu wala hakusema tutaandikiwa barua. Alisema, "Mtaitwa. Ambaye hataitwa kufikia Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu asitusumbue, na asitume mjomba." Tukajibu "Ndiyo, afande!" kwa sauti moja, kana kwamba tumeelewa.

Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea uafisa katika chuo cha kijeshi kwa mara ya pili, na mara ya tatu haingekuwepo. Chuo kile hakichukui mtu aliyevuka umri fulani, na siku yangu ya kuzaliwa, mwezi wa tano, ingenivusha. Nilikuwa nimekimbia, nimepimwa macho, meno, nyayo na mengine ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yangu husoma ninachoandika. Nilikuwa nimejieleza mbele ya meza yenye watu saba wasiojua kucheka. Kilichobaki ni kuitwa tu.

Mara ya kwanza tulifanya kosa la kumwambia kila mtu. Mama huuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba, na alitangaza habari hiyo kibandani, kanisani na kwenye ngazi zote nne za ghorofa yetu, hapa nyuma ya mtaa wa Donholm. Kabla hata sijaitwa kwenye usaili, mwenye duka alikuwa akinipimia sukari huku akiniuliza, "Afande, nusu ama robo?" Nilipokosa, hawakuacha. Mwaka mzima nilikuwa afande wa watu waliojua vizuri kabisa kwamba mimi si afande wa chochote. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kuna siku nilirudisha mkate dukani kwa sababu ya salamu tu, na asubuhi hiyo tukanywa chai kavu.

Kwa hiyo safari hii tuliapa kwamba itakuwa siri ya mama na mimi. Hata baba aliambiwa juu juu tu. Baba ni dereva wa lori la masafa marefu, hupiga stori na kila mtu kwenye kila mizani ya barabara kuu, na jambo ukimwambia Jumatatu, kufikia Alhamisi limeshavuka mpaka.

Tatizo lilikuwa simu. Kioo cha simu yangu kilikuwa kimekufa upande mmoja, upande ule ule unaopaswa kuguswa ili kupokea. Kupiga ningeweza, lakini kupokea ilikuwa bahati nasibu, na fundi alikuwa ameniambia kioo cha aina ile hakiletwi tena nchini. Kwenye fomu nikaandika nambari ya mama. Basi kila siku nilimpigia saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, nikiuliza swali moja.

"Wamepiga?"

"Hawajapiga. Na watapigaje kama wewe umeikalia laini?"

Naye alikuwa na kiherehere chake. Simu ikilia kwenye mfuko wa aproni alikuwa anasimama wima katikati ya sweta na kaptura, anajibu, "Ndiyo, afande." Mteja wake mmoja wa mtaa wa Fedha, mwanamke mpole aliyekuwa akitafuta sare za shule, aliitwa afande mara nyingi hadi akazoea. Mwishowe akaanza kutoa oda kwa ukali.

Sasa, mama anaweza kuwaficha majirani jambo, lakini kanisa hawezi. Kuomba peke yake nyumbani huona ni kama kupeleka kesi kubwa mahakamani bila wakili. Jumapili moja, wakati wa maombi ya washiriki, akasimama. Nilimshika sketi, akanitoa mkono.

"Mwombeeni binti yangu," alisema. "Anangoja kuitwa. Ni utumishi, na huu ndio mwaka wake wa mwisho."

Akaketi. Nilimsifu moyoni kwa ujanja ule. Alikuwa amesema kila kitu na hakusema chochote, maana jeshini ni utumishi na serikalini ni utumishi. Kitu ambacho sikufikiria, na nilikuwa nimeketi ndani yake, ni kanisa. Waumini walivuta amina ndefu sana, ndefu kuliko ile waliyompa mzee mwenye goti bovu aliyeomba kabla yetu. Mimi nikadhani ni upendo.

Tangu siku hiyo nikaanza kuheshimiwa kwa namna nisiyoielewa. Akina mama walinishika mkono kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia nisijali udogo wangu. Msichana wa ghorofa ya tatu, ambaye tumegombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo tangu tuhamie, alinikuta nikirudi kukimbia alfajiri, nimenyoa kipara, jasho linachuruzika.

"Sasa, siz. Nimeskia siku hizi we ni mtu wa Mungu," alisema. "Na hiyo hasira yako utaiweka wapi?"

Nilimjibu maneno ambayo mtu wa Mungu hasemi.

Wiki hiyo hiyo mchungaji akaja nyumbani jioni, peke yake, bila kutoa taarifa. Ni mtu wa makamo, taratibu, anayekunywa chai kama anayeionja kwa niaba ya wengine. Mama alimkaribisha, akamimina chai, akaketi kwenye ukingo wa kochi.

"Mama ametushirikisha jambo lenu," mchungaji aliniambia. "Nimefurahi mno. Mwito wenyewe uliusikia lini?"

Nikamtazama mama, naye akatazama sukari. Nikajua amemwambia siri yetu yote, na kwa kuwa imeshatoka, nikaamua kujibu sawasawa.

"Tangu darasa la sita, Pasta."

"Mapema hivyo! Na huogopi?"

"Niogope nini? Nikifa, nitakuwa nimekufa nikitumika."

Alifumba macho kidogo. "Amina. Unajua lakini kwamba huko kuna adui."

"Ndiyo maana kuna mafunzo."

"Na silaha unazijua?"

"Za adui ama zetu?"

"Zetu."

"Bado, Pasta. Mwanzoni ni kutii tu na kukimbia. Silaha zinakuja baadaye."

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Kutii," alisema polepole. "Ni vijana wangapi siku hizi wanaanza na kutii? Na kufunga je, unaweza?"

"Kufunga nini?"

"Kukaa bila chakula."

"Nimesikia wanaweza kukupeleka porini siku mbili bila kitu. Nimeanza kujizoeza. Chakula cha mchana niliacha."

"Na mambo ya kuolewa?"

"Hawaruhusu mpaka umalize."

"Ni busara," alisema mchungaji, na nikaona macho yake yamelowa.

Hapo mama akainuka, akasema anaenda kutazama chai jikoni. Chai ilikuwa mezani.

Kabla ya kuondoka, mchungaji aliniomba nakala za vyeti vyangu na kitambulisho, akasema kuna mahali anafahamika na ataona atakavyosukuma. Nilikumbuka maneno ya afisa kuhusu mjomba. Niliyakumbuka vizuri, na nakala nilizitoa chini ya dakika mbili, zikiwa ndani ya bahasha safi.

Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, matangazo yalipokwisha, mchungaji alituita mbele, mama na mimi. Alikuwa na barua. Alisema kuna watu husema Mungu hajibu, na leo wafunge midomo yao.

"Binti yetu," akapaza sauti, "ameitwa!"

Kanisa likalipuka. Vigelegele, ngoma, vitambaa hewani. Nililia mbele za watu, mimi ambaye hata kwenye msiba huwa nashika zamu ya jikoni ili nisionekane. Nikapiga hatua moja mbele, nikakaza visigino, nikampigia mchungaji saluti. Mama peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa amekumbatia mkoba wake kifuani, na nikadhani furaha imemzidi.

Mchungaji akanipa maikrofoni ili niwasomee watu barua. Mstari wa kwanza niliusoma kwa sauti ya gwaride. Wa pili nikausoma kwa sauti ya kawaida. Wa tatu sikuusoma. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kusomea Stashahada ya Theolojia na Uchungaji, pamoja na bweni, nije na blanketi na ndoo.

"Endelea," mchungaji alinong'ona.

"Pasta," nikasema, na nilikuwa nimesahau maikrofoni iko mdomoni, "mimi niliomba jeshi."

Kisha mpiga ngoma akacheka. Baada yake safu ya vijana, baada yao safu ya akina mama, na mwisho mchungaji mwenyewe, akishikilia mimbari na kujifuta macho. Namheshimu hadi leo kwa kicheko kile, maana angeweza kukasirika na angekuwa na haki. Alisema nafasi itabaki wazi hadi mwezi wa sita, kwani Mungu ana subira kuliko majeshi yote. Njiani kwenda nyumbani nilimfokea mama bila kupumua. Alinisikiliza mpaka getini.

"Mimi nilisema utumishi," alinijibu. "Sikusema wa wapi."

Basi siri ikafa. Jumatatu asubuhi mwenye duka aliniuliza, "Afande, ama ni Pasta? Nusu ama robo?" Nilinunua nusu nikaenda zangu. Wiki mbili tu zilikuwa zimebaki, na hasira yangu nilikuwa nimeiwekea matumizi mengine.

Wiki ya mwisho ndiyo iliyokuwa mbaya. Jumatatu nilimpigia mama mara kumi na moja. Jumanne nilipompigia saa sita hakuniambia hawajapiga. Alisema kuna kelele na akakata. Saa tisa akawa nyumbani, ingawa Jumanne hafungi kibanda kabla ya jua kutua, na alikuwa na kuku.

"Wamepiga?"

"Nisaidie kumnyonyoa."

Jumatano hakuenda Gikomba kabisa. Alisema mgongo unamuuma, kisha akashinda amesimama akipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula ambacho kwetu hupikwa wageni wa heshima wakija. Kila nilipouliza kuhusu simu, aliniuliza jambo lingine. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naogopa nini? Kwa nini nilimwacha yule kijana wa kwaya? Alhamisi alitaka tutazame picha zote za nyumbani, hata zile ambazo watu wamekatwa vichwa na mpiga picha. Nikaelewa kwamba ananihurumia, na huruma ndiyo kitu kinachonichemsha kuliko matusi. Nilimwambia aache kuniuguza, mimi sijafiwa. Akasema sawa, akaniongezea nyama.

Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa ambayo ofisi zote zimefungwa, niliketi sakafuni karibu na mlango nikavua raba zangu za kukimbilia.

"Basi," nikasema. "Sikuitwa."

Nikaanza kulia. Sio kilio cha kanisani. Kilikuwa kile cha mdomo wazi, cha mtu ambaye hajui kesho ataamka afanye nini. Mama alisimama katikati ya chumba akiwa na mwiko mkononi.

"Umeitwa," alisema.

"Na nani? Mama, ukinitajia tena lile blanketi na ndoo—"

"Na wenyewe. Walipiga Jumanne, saa nne na kitu asubuhi. Unaripoti baada ya wiki mbili. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi."

Ningependa kusema nilimkumbatia. Ukweli ni kwamba nilipiga yowe, nikarusha raba moja ikagonga kabati. Nilimuuliza anajua siku nne ni nini. Nilimwambia nimekufa humu ndani mara arobaini huku yeye akinilisha kuku. Nikamuuliza kama angenyamaza mpaka lini.

"Mpaka leo. Nilijipa mpaka leo."

"Kwa nini?"

Aliketi. Alianza kuufuta mwiko kwa aproni, ingawa ulikuwa mkavu.

"Nikishakuambia, wewe ni wao," alisema. "Nilitaka siku chache ambazo najua umefaulu, na bado wewe ni wangu. Yule mwenzangu wa kibanda cha soksi, kijana wake walimrudisha kwenye jeneza lenye bendera. Mimi naketi karibu naye kila siku. Kila siku, mwanangu."

Kila mtu Gikomba anajua habari ya mama wa soksi. Mimi pia nilijua. Niliijua kwa miaka mitatu na sikuwahi, hata mara moja, kuiweka kwenye mizani yangu.

"Na kule kanisani?" nikamuuliza. "Ulijua wanaelewa vibaya?"

"Nilijua kuanzia ile amina. Na Pasta alipokuja, nilijua kabisa."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikasema, kama Pasta ameelewa vibaya, labda Mungu naye ataelewa vibaya."

Niliinuka nikaiokota ile raba niliyokuwa nimeirusha. Nilifurahi, na furaha yenyewe iliniuma. Nilimwonea huruma mama kuliko nilivyowahi kumwonea mtu, na nilijua kwamba nitaenda hata hivyo, na kwamba yeye pia anajua.

Baadaye nilimwambia kesho asiende kibandani, tukae pamoja. Alisema haiwezekani, Jumamosi ndiyo siku ya wateja, lakini kama nataka naweza kuja naye nikamsaidie kupanga nguo. Mimi Gikomba siipendi, sijawahi kuipenda, na yeye anajua hilo. Nikaenda.