Siku Nilipomfua Mzee Upawa

Niliufua mkanda wa video. Sikuupangusa, sikuupuliza vumbi. Niliufua kwa maji ya dumu na sabuni ya mche, nikausuuza kama shati la shule, kisha nikauanika kambani uani kwetu Kihonda. Naanza na hilo usije ukasema baadaye nilikuficha. Nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa na sababu zangu, na ukizisikia utaona sababu zenyewe ni mbaya kuliko kosa.

Enzi zetu, ndugu zangu, mtu alioga kabla ya kwenda kuangalia picha. Najua, najua. Niko kidato cha tatu, ndevu zangu zinaonekana jua likiwa upande mzuri tu, nani kanipa ruhusa ya kusema enzi zetu? Nimejipa mwenyewe. Aliyekaa kwenye benchi la Mzee Mkude, msumari ukimchoma na asisogee kwa kuogopa kupoteza nafasi, huyo ameishi enzi.

Mzee Mkude alipunguzwa kazi kiwandani pale viwanda vilipoanza kuuzwa. Ndugu zake walitaka kiinua mgongo kiende Matombo, kwao Uluguruni, kwenye migomba ya ukoo. Yeye akanunua televisheni na deki ya kuchezea kanda, vyote mitumba, akajenga banda la mabanzi jirani na mashine ya kusaga. Nyufa aliziziba kwa magunia, mlangoni akatundika blanketi la kijivu. Ukiingia ulipokelewa na giza, harufu ya karanga, harufu ya machungwa yanayomenywa na mtu usiyemwona, na harufu ya miguu, ambayo sitaieleza kwa sababu mingine ilikuwa yangu. Mashine ya kusaga ikiwashwa, umeme ulipungua na picha ikanywea pembeni, watu wote kwenye kioo wakakonda ghafla. Hatukulalamika. Tulisubiri mahindi ya mtu yaishe, steringi, yule shujaa wa picha, anenepe tena, tuendelee.

Kando ya televisheni, juu ya kigoda, alikaa Anko Pius. Huyu alikuwa mpangaji wetu, mtu wa Matombo, na ndiye aliyekuwa akitutafsiria picha. Kichina hakujua. Kiingereza alikijua kama mimi ninavyoijua hisabati, yaani kwa kuisikia ikitajwa. Lakini aliwajua watu wa Kihonda, na alijua wanataka Mchina aseme nini.

Na picha yetu ilikuwa moja. Nyingine zilikuja zikaondoka, za makomandoo, za Wahindi wanaokimbizana kwenye maua, lakini iliyojaza banda ilikuwa hii. Kasha lake lilipotea kabla haijatufikia, na mwanzo wake ulikuwa umeliwa na deki ya watu wengine huko ilikotoka, kwa hiyo jina tuliipa wenyewe: Mzee Upawa. Inaanza na mvua kwenye paa la jiko. Mpishi mzee, mgongo umepinda, anakoroga supu. Wahuni wanaingia kumchukua binti anayeosha vyombo. Mzee anaonja supu kwanza, anatikisa kichwa kwamba chumvi haijakaa, halafu anawapiga wote kwa upawa.

Siku ya kwanza ilipoonyeshwa, watu walihoji. "Pius, huyu mzee anapigana kwa ajili ya binti wa nani?" Pius hakusita. "Huyo ni mjomba wake." Basi. Banda zima likatulia. Uluguruni ukishasema mjomba umemaliza. Mpwa ni wa mjomba, na baba ni mgeni mnayemheshimu. Tangu siku hiyo mzee yule wa Kichina akawa mtu wa kwetu. Adui, tajiri mwenye mashine ya mpunga, Pius akamtoa Dar es Salaam. Alipofungua mdomo, Pius alimsemea kwa pua: "Nitawanunua wote, na mlima wenu." Hapo mabenchi yote yalijibu kwa pamoja, hata kabla mzee hajageuka: "Mlima haupimwi kwa kilo."

Tuliijua picha ile kama sala. Tulijua wapi mkanda unaruka, tukaruka nao. Barabarani tulipigana kwa upawa, na kina mama wa mtaa wetu wakawa wanachota mchuzi kwa vikombe, maana pawa zote zilikuwa vitani. Vijana wa leo wanakaa na diski moja yenye picha kumi na mbili, wanaruka kutoka hii kwenda ile wakitafuta mahali pa kupigana tu, halafu wanasema hakuna kitu. Ukiwauliza steringi alikuwa anaitwa nani, wanakuambia yule mwenye koti.

Sasa, picha yetu ilikuwa na donda moja. Kila mtoto anajua steringi hafi. Ndiyo sheria, hata asiyejua kusoma anaijua. Lakini Mzee Upawa mwishoni anachomwa mkuki, anaanguka sakafuni kwenye mashine ya mpunga, upawa unamtoka mkononi. Binti anainama, ananyoosha mkono kuuchukua, na hapohapo kioo kinajaa chenga, punje nyeupe zinazochemka. Mkanda umekatika. Kafa? Hajafa? Watu wazima waligombana kwa ajili ya swali hilo. Pius, aliyekuwa akizua kila kitu, hapo alikataa kuzua. "Mpaka nione," alisema. "Siwezi kumwua mjomba wa watu, na siwezi kumfufua."

Mama yangu hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa akiuza ndizi sokoni, na msimamo wake ulijulikana: "Lile banda ni la wahuni. Ukionekana mle, miguu hiyo usirudi nayo hapa." Nilirudi nayo kila wiki, nimeiosha.

Mwaka ninaousimulia, jamaa mmoja alifungua ukumbi wa video upande wa barabara kubwa, una feni, viti vya plastiki na dishi. Benchi za Mzee Mkude zikaanza kuonekana mbao. Mzee akatangaza: Jumatatu ya Pasaka mchana, Mzee Upawa. Pius akarudi nyumbani na uso mzito, nikamsikia akimwambia jirani: "Amesema siku hiyo banda lisipojaa, anauza deki na televisheni, anarudi Matombo kupalilia migomba. Na mkanda wenyewe umechafuka, una chenga mpaka uso wa mjomba hauonekani."

Mkanda Pius alikuwa akiuficha chumbani kwake, mle nyumbani kwetu, juu ya ukuta, ili wale wa barabarani wasiuibe. Jumamosi Kuu aliondoka alfajiri kwenda Matombo kwa mkesha, na mama, kabla ya kwenda sokoni, akaniachia agizo: "Deo, kila kilicho kichafu humu ndani kifuliwe. Pasaka haiingii kwenye uchafu."

Kila kilicho kichafu. Unaona nilivyokuwa mtoto mtiifu?

Nilipanda juu ya ndoo, nikaushusha mkanda kutoka ukutani kwa Pius, nikaufungua kwa ncha ya kisu. Kumbe ndani kuna utepe mrefu kama utumbo wa mbuzi, na hauishi. Niliuloweka, nikausugua pole pole pale nilipodhani ni sehemu ya uso wa mjomba. Kisha kambani. Upepo wa mlimani uliposhuka, utepe ukanyanyuka, ukazunguka mpera wetu, ncha moja ikaingia kwa jirani ambako kuku alikimbia nayo akidhani amepata nyungunyungu wa maisha yake. Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, nikauzungusha tena kwa penseli, nikafunga, nikaurudisha juu ya ukuta. Vidude viwili vilibaki nje. Nilivitupa chooni, nikajiambia kwamba fundi aliyeutengeneza alizidisha.

Na kweli niliamini nimesaidia. Jumatatu nikachukua upawa wa mama jikoni, kama watoto wote, nikaenda bandani kifua mbele.

Banda lilikuwa limefurika. Watu walikaa mpaka kwenye miguu ya Pius. Mzee Mkude alivaa shati lake la kanisani. Akausukuma mkanda ndani, deki ikakohoa, ikasaga, ikalia kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki. Kioo kikajaa chenga. Akautoa, utepe ukamfuata mkononi umekunjamana. Akaunusa.

"Pius," alisema taratibu, "huu mkanda unanuka sabuni."

Sauti ikatoka benchi la nyuma: "Pengine mjomba alikuwa anaoga, Mzee."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mkude akaketi chini palepale, mkanda mapajani. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akikaa hivyo. Wengine walikuwa wameanza kunyanyuka, na mtu mlangoni akasema kule barabarani wanaanza saa tisa, bado tunawahi. Nikaona migomba ya Matombo inamwita mzee, na mimi ndiye niliyempigia filimbi. Pius alikuwa ananitazama. Nikasimama.

"Niliufua mimi," nilisema. "Ili uwe msafi. Kwa ajili ya Pasaka."

Halafu yule wa nyuma akauliza, kwa upole kabisa: "Na uliupiga pasi?"

Hapo banda likavunjika kwa kicheko. Hata Mzee Mkude mabega yalimcheza, ingawa macho yalikuwa na maji. Na kicheko kilipokuwa bado kinazunguka, Pius akapiga kigoda chake kwa kiganja.

"Kaeni," alisema. "Mzee, usizime. Acha chenga. Hiyo ni mvua. Picha si inaanza na mvua?"

Watu wakatazamana. Fundi seremala mmoja akaanza kusugua benchi kwa viganja, na kweli, mvua ikanyesha. Mwingine akapuliza mdomo, supu ikachemka. Pius akanielekezea kidole. "Na wewe dobi, njoo hapa mbele na upawa wako. Umemfua mjomba, sasa utakuwa mjomba."

Ndugu zangu, nimeshaangalia picha nyingi. Sijaona kama ile. Wahuni walijitolea wenyewe kutoka mabenchi, wakapigwa, wakaanguka juu ya watu. Ngumi zililizwa kwa midomo, tish, tish, kila moja mahali pake, maana banda zima lilijua ngumi ipi inafuata. Pale mkanda ulipozoea kuruka, tuliruka. Mashine ya kusaga ilipowashwa jirani, chenga zikanywea, na watu wote, bila kuambiwa, wakanyonya mashavu wakakonda. Adui akatishia kununua mlima, na jibu letu nadhani lilisikika mpaka kwenye ule ukumbi wenye feni. Waliokuwa wameondoka walirudi. Waliokosa nafasi walichungulia kwenye mabanzi.

Kisha mkuki ukaja, ufagio wa Mzee Mkude. Nikaanguka. Nilianguka vizuri, kama mtu aliyejifunza mwaka mzima. Upawa ukanitoka, ukabingirika.

"Mjomba yuko chini," Pius alisema, sauti imeshuka. "Upawa uko chini. Binti anainama. Ananyoosha mkono..."

Akanyamaza. Huwa inakatika hapo. Nilikuwa nimefumba macho, shavu kwenye vumbi, nasikia chenga tu zikinong'ona.

Kisha nikahisi mwanga usoni. Mtu alikuwa ameinua blanketi la mlangoni.

Nikafungua jicho moja na kuona kanga ninayoijua. Mama. Wageni wa Pasaka walikuwa wamejaa kwetu, nyama imeiva, na alikuwa amezunguka mtaa mzima akitafuta upawa wake. Aliwapita watu bila kumtazama mtu, nao wakampisha. Akafika mbele. Akainama. Akanyoosha mkono, akauokota upawa, akaupangusa kwa pindo la kanga. Kisha akanitazama pale sakafuni, akasema alilosema.

Banda lililipuka. Watu walirusha kofia, seremala alilia kabisa, na Mzee Mkude alimshika mama mkono kwa mikono miwili, asiuachie. Mama hakuelewa. Alidhani wamelewa, na hilo lilimthibitishia mengi.

Hakuna aliyeenda barabarani siku ile. Migomba ya Matombo ilipaliliwa na ndugu zake Mzee Mkude. Yeye alibaki na banda lake, na Mzee Upawa ikaendelea kuonyeshwa bila mkanda, kwa chenga na midomo, kila Jumatatu ya Pasaka, mpaka nikamaliza darasa la saba. Ukumbi wenye feni ulikuwa na picha mpya kila siku. Haukuwa na hiyo.

Leo pale pamekuwa kibanda cha kupigia simu. Mwaka jana diski ya Mzee Upawa ilifika mjini, kamili, inang'aa, ina kasha na ina mwisho. Tuliikodi tukaiangalia sebuleni kwa rafiki yangu, kila mtu na kiti chake, hakuna msumari. Na mwisho wake, sikiliza, mzee anakufa. Binti anamzika, anapanda farasi, basi. Mdogo wake rafiki yangu akasema mbona picha ya kawaida tu. Sikumgombeza, maskini, hakuwahi kukonda mashavu na watu mia gizani. Tuliizima. Wachina wenyewe hawakujua inavyoisha. Kihonda tunajua, na ukimkuta mtu yeyote wa rika letu, ukamwambia binti ameinama, upawa uko mkononi, atakumalizia bila kukosea neno, hivihivi kama mama alivyosema:

"Inuka, Deo. Wageni wana njaa, na upawa ni huu mmoja tu."