Dawa Si Chakula

Jumatano, tarehe kumi na nane ya mwezi wa tatu. Usiku kulikuwa na manyunyu, lakini kulipokucha mbingu ilikuwa imetakata, haina wingu hata la dawa, na upepo mdogo ulishakausha ngazi za jengo kabla watu hawajashuka kwenda kazini.

Siku hiyo jua lilikuwa lipatwe. Redio zilitangaza wiki nzima kwamba kivuli kingeanza kuliingia katikati ya asubuhi na kuliachia baada ya adhuhuri. Watoto wa shule waliahidiwa kupelekwa uwanjani kutazama. Katika nyumba moja ya ghorofa ya pili, mapazia yote yalikuwa yamefungwa.

Mwenye nyumba hiyo alikuwa mjane ambaye majirani walimwita Mama Mfereji, kwa sababu hakufungua mfereji bila kuuosha kwanza. Jirani wa chini, dereva wa teksi, alizoea kusema kwamba mama yule angepata namna angeyaosha hata maji yenyewe. Mwenyewe akisikia alicheka. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa dini ya Kihindu aliyeishika kama alivyoikuta. Kila alfajiri alioga ndipo akawasha jiko. Asipooga, jiko haliwaki, hata kama kuna mtu anachelewa kazini. Alichopika hakukionja. Sehemu ya kwanza iliwekwa mbele ya kijikabati cha ukutani chenye sanamu ndogo za miungu, kisha ndipo wanadamu wakala. Chumvi aliipima kwa jicho na kwa pua, na katika miaka yake yote ya jikoni ilimponyoka mara chache sana. Hayo yote alifundishwa na mama mkwe wake, naye hakuwahi kuuliza sababu, kama mtu asivyouliza kwa nini mlango una kitasa.

Aliishi na mwanawe, fundi wa lifti, na mkaza mwana wake, aliyekuwa akipima watu macho katika duka la miwani. Mkaza mwana alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka uliotangulia, kabla hata haijaonekana. Hii ya sasa ilikuwa imepita miezi saba, na mle ndani watu wote watatu waliibeba. Kiti kilivutwa kabla hajafika, na ndoo ilipokonywa mkononi mwake kabla hajaiinua.

Mwezi uliopita kliniki ilimpima ikamkuta na sukari. Wakampa sindano za kuishusha, ajichome mwenyewe asubuhi na jioni, wakamwambia akishachoma ale.

Sasa, kwa sheria aliyoijua Mama Mfereji, jua likiwa litapatwa asubuhi, nyumba huacha kula tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, mpaka jua liachiliwe na watu waoge. Mjamzito hukaa ndani gizani. Hashiki kisu, mkasi wala kitu chochote chenye ncha, asije akamtia mtoto alama. Mama Mfereji alikuwa na ushahidi wake. Mwenyewe alipokuwa na mimba ya huyu fundi wa lifti, jua lilipatwa, akalala chali gizani hadi mwisho, na mtoto akazaliwa mzima. Jirani yake wa siku zile alikaa barazani akikata kitambaa, na wake alizaliwa mdomo umepasuka.

Mambo hayo yalizungumzwa Jumanne jioni, kabla ya chakula cha mwisho. Mwana aliyachukulia kwa mzaha.

"Mama, watu wanapeleka vyombo mwezini, wewe unaogopa kivuli chake."

"Kivuli hicho kilikuwepo kabla ya hivyo vyombo, na kabla yako," mama alimjibu. "Lisemwalo lipo. Kula, baba, sahani naziosha sasa hivi."

Mkaza mwana hakucheka. Wiki nzima dukani alikuwa akiwaonya wateja wasidhani miwani ya kawaida inafaa kulitazamia jua, na kila aliyeona tumbo lake alimpa ushauri. Mmoja alimwambia asitoke nje. Mwingine alimwambia hayo ni mambo ya kizamani. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishaumwa mara moja. Alikuwa tayari kwa kinga yoyote. Jambo moja tu lilimtatiza, akaliuliza huku akikusanya sahani.

"Mama, na sindano yangu ya asubuhi?"

Mama Mfereji alisimama na kitambaa mkononi. Hakuna aliyewahi kumfundisha jibu la swali hilo, maana katika ujana wake hakumjua mjamzito wa kujichoma sindano. Angeweza kuikataza. Alimtazama mkaza mwana, akaona wasiwasi wake, akaona afadhali akosee upande wa huruma.

"Dawa si chakula," alisema. "Dawa haikatazwi. Ila uchome mapema, jua likiwa bado zima, usije ukashika kitu chenye ncha wakati limeshikwa."

"Wao walisema nikichoma nile."

"Utakula, mwanangu. Likiachiliwa tu, kitu cha kwanza ni wewe kula."

Fundi wa lifti aliyasikia yote. Aliona yamekwisha vizuri, akaenda kulala.

Basi Jumatano alfajiri mkaza mwana alioga, akajichoma sindano yake kipimo kilekile cha kila siku, akalala chali kitandani. Mumewe alikwenda kazini. Mama Mfereji alibandika magazeti juu ya mapazia, pale palipopenya mwanga, akaketi chini kando ya kitanda na tasbihi yake.

Kivuli kilikuwa bado hata hakijaligusa jua pale mkaza mwana alipoanza kutokwa jasho. Mama alimpepea. Alisema mikono inamtetemeka, mama akamwambia ni hofu, nayo hupita. Baadaye alisema ana njaa mbaya, ya kumuuma mpaka kichwani, akaomba kijiko cha sukari, kimoja tu. Mama alitazama saa ya ukutani. Alimbembeleza kama mtoto, akamwambia wamekwishafika mbali, wasivunje sasa. Nje, watoto walisikika wakishangilia uwanjani. Ndipo jua lilipoanza kushikwa. Chumba kilizidi giza. Mkaza mwana alianza kusema maneno yasiyofuatana, akimwuliza mteja asiyekuwepo anasoma herufi gani. Mama Mfereji aliamini ni nguvu ya kile kivuli inapita juu yake. Alifumba macho, akaongeza sala.

Macho yakiwa yamefumbwa hivyo, hakumwona anainuka. Alisikia miguu, kisha kishindo. Kati ya ukumbi na jikoni kulikuwa na ngazi moja ya saruji, ambayo kila mtu wa nyumba ile aliivuka bila kuitazama. Mkaza mwana alikuwa ameangukia tumbo juu yake, mkono mmoja umenyooka kuelekea kopo la sukari.

Mama Mfereji alitoka nje, kwenye lile jua lenye kivuli, bila viatu, akimwita dereva wa teksi.

Hospitalini nesi alimtundikia maji ya sukari kwanza, ndipo akamgeukia mama kwa maswali.

"Ana sukari?"

"Anayo."

"Leo amechoma sindano?"

"Amechoma, alfajiri."

"Akala nini?"

Mama Mfereji alisema hajala. Nesi alisubiri, akidhani sentensi ina mwisho wake. Ilipodhihirika kwamba haina, aliweka kalamu mezani, akaenda kumwita daktari.

Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kwa kule kuanguka. Mkaza mwana aliokolewa. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekwishakufa, kidole na kidole vimetimia, mdomo wake mzima, mwilini hana alama yoyote. Mama Mfereji alionyeshwa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Mwana alikuja na nguo za kazi, mikono ina grisi. Aliingia kwa mkewe, akakaa humo, akatoka. Alimkuta mama yake kwenye benchi la ukumbini. Hakupaza sauti.

"Mama, wewe ndiye unayezijua. Sheria inasemaje? Mtoto kama huyu huchomwa au huzikwa?"

Mama Mfereji alijua jibu. Mara ya kwanza maishani mwake alitamani asilijue.

"Huzikwa," alisema. "Mtoto asiyeota meno hachomwi."

"Haya."

Akaenda na dereva wa teksi kuzika. Wanawake hawakwenda.

Jioni, peke yake nyumbani, Mama Mfereji alimpigia simu kuhani wa hekalu lao. Alitaka kuuliza kijikabati kifungwe kwa muda gani, maana nyumba ilikuwa na msiba. Kuhani alimpa pole, akauliza yalitokeaje. Alimweleza tangu mwanzo, kwa utaratibu, bila kujitetea. 

"Mama," kuhani alisema, "mjamzito hafungwi na mfungo huo. Mgonjwa hafungwi. Mtoto mdogo na mzee hawafungwi. Hata wewe, kwa umri wako, ungeweza kula."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ni sheria ileile, mama. Na hilo limo."

Alimshukuru, akakata simu. Akafikiria mama mkwe wake, aliyekufa zamani, akajiuliza kama aliijua nusu hiyo asiitaje, au na yeye hakuambiwa. Hapakuwa na wa kumwuliza. Alibandua magazeti dirishani, akakikunja kila kipande. Jikoni, kopo la sukari lilikuwa pale pale, kifuniko kimekazwa. Mwana hakurudi kulala.

Kesho yake, Alhamisi, Mama Mfereji aliamka wakati wake wa kila siku. Hakwenda kuoga. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua mfereji bila kuuosha, akawasha jiko na nguo zake za kulalia. Alipika uji mwepesi. Nesi alikuwa amesema chumvi kidogo sana na sukari isiwemo kabisa. Ulipoiva alichota kijiko, akakipuliza, akakitia mdomoni. Chumvi ilikuwa imezidi. Akaongeza maji, akakoroga, akaonja tena, na tena, mpaka ikawa sawa.

Hospitalini mwana alimpokea mlangoni, akashika chupa ya uji.

"Umeonja?" aliuliza, kama mtu aulizaye kwa mazoea ya nyumba za watu wengine.

"Nimeonja."

Alimtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu jana, kisha akaingia na chupa, akafunga mlango. Mama Mfereji aliketi kwenye benchi kuingoja chupa irudi.