Neno Lililosomwa Midomoni

"Krapuul! Katuita krapuul, sisi sote, kuanzia mimi mpaka yule anayefagia vumbi. Nataka alirudishe neno lake!"

Zulma alisimama mbele ya meza ya mnyapara, mikono kiunoni, nyuzi za pamba zimemganda nyweleni. Mnyapara Polidoor aliufunga mlango ili ngurumo ipungue, ingawa mitambo mia mbili ya kufumia hainyamazi kwa sababu ya kipande cha mbao.

"Nani kawaita?"

"Mke wa mkurugenzi, alipopita na wageni wake. Alimgeukia yule mwenye kofia ya manyoya, akasema."

"Ulimsikiaje? Mimi nikikupigia kelele sikioni hunisikii."

"Sikumsikia. Nilimwona."

Polidoor naye alifuma miaka kumi na miwili kabla ya kupewa koti la unyapara, na alijua kwamba mle ndani masikio ni pambo tu. Wafumaji wa Gent, hapa Ubelgiji, husomana midomo. Umbea, bei ya viazi, nani ana mimba ya nani, yote hupita midomoni huku mikono ikifunga uzi uliokatika. Na neno lile halihitaji kufundishwa. Mabwana huongea Kifaransa chao sebuleni, sisi Kiflandi chetu vichochoroni, lakini krapuul lilishuka ngazi za majumba makubwa zamani sana, likatufikia kabla mshahara haujatufikia. Maana yake takataka zenye miguu.

"Una shahidi?"

Zulma alitazama kupitia kioo cha mlango. Eudoksi, wa mitambo ya jirani, aliona kila kitu. Lakini Zulma alipomwomba kabla ya kuja hapa, alitikisa kichwa: "Usiniingize, shoga. Nina watoto wanne na mume mlevi." Huyo ndiye ambaye Februari, mwanawe alipougua koo, Zulma alimlindia mitambo yake asubuhi nzima, minne yake na minne ya mwenzake, akikimbia huku na huku kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Asubuhi ile ilikuwa haijalipwa.

"Shahidi sina. Macho ninayo."

Habari ikapanda juu, na kabla ya mapumziko ya mchana mkurugenzi akashuka mwenyewe. Bwana Serlippens alikuwa na sharubu nene kama brashi ya viatu, na sauti ya mtu aliyekwisha kula.

"Mke wangu ni mtu wa kanisani," alisema. "Lakini mimi ni mtu wa haki. Nitasimama mlangoni, wewe simama kule mwisho. Nitasema maneno mara tatu. Ukiyasoma yote, tutazungumza. Ukikosa hata mara moja, beba kopo lako la kahawa uende, na hakuna kiwanda Gent kitakachokupokea."

Mume wa Zulma alikuwa kitandani tangu Krismasi, kifua kimejaa vumbi la pamba. Mkate wa watu watano ulitoka kwenye mikono hii ya Zulma. Na mitambo yake minne aliyoiacha ikienda, nani angeiangalia? Uzi ukikatika bila mtu, nguo inaharibika, na hiyo peke yake yatosha kumfukuza mtu. Hakutazama nyuma. Aliburuta mitalawanda yake mpaka mwisho wa ukumbi, Polidoor akamfuata na ubao na chaki.

Mkurugenzi akafungua kinywa kule mbali, sauti ikamezwa na mitambo.

"Mvua imeharibu soko la Ijumaa," Zulma akatamka kwa midomo. Polidoor akamsoma, akaandika, akainua ubao. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa.

Mara ya pili sharubu zikaficha nusu ya maneno. Zulma akaacha midomo, akafuata kidevu, akafuata koo.

"Meli ya pamba imechelewa Antwerp."

Ubao ukainuliwa. Mkurugenzi hakuitikia. Aliwatazama wanawake, wote wameinamia kazi, akamgeukia tena Zulma na kusema polepole, kwa mara ya tatu:

"Sema ulikosea. Jumatatu nitakupa mitambo mipya ya ghorofani."

Mitambo mipya! Kule kwenye madirisha, ambako uzi haukatiki na vumbi ni kidogo. Ilitosha atikise kichwa tu, kama mtu ambaye hakuona. Ndipo Zulma alipoona vichwa, kimoja baada ya kingine, vimegeuka begani. Wanawake arobaini walikuwa wamesoma kila neno. Hakuna aliyechezesha mdomo. Walikuwa wakimngoja yeye.

Akayatamka yote, bila kuacha neno.

Chaki ya Polidoor ikasimama. "Hilo siandiki."

"Andika, Polidoor. Ulikuwa mfumaji kabla hujawa koti."

Akaandika, akainua ubao. Mkurugenzi akasoma, kisha akaziona zile nyuso arobaini, na rangi ikamtoka. Midomo yake ikasema haraka: "Basi, neno limerudishwa."

Zulma akagusa sikio lake. "Kwa sauti!"

Polidoor ndiye aliyevuta mpini. Mkanda mkuu ukalegea, mitambo ikafa safu kwa safu, na kimya kikaingia mle ndani kama mgeni asiyezoeleka.

"Mke wangu alikosea," alisema Bwana Serlippens, akiitazama sakafu. "Ninyi si krapuul. Namwombea radhi." Kisha akapaza sauti: "Haya, kazini! Na wewe pia, rudi kwenye mitambo yako."

Zulma alirudi mbio, roho mkononi, akitazamia nyuzi zilizofumuka. Nguo zote nne zilikuwa safi. Katikati ya mitambo minane alisimama Eudoksi, blauzi imelowa jasho mgongoni.

Ngurumo ikaanza upya. Eudoksi akasema kwa midomo, "Ile asubuhi ya Februari."

"Ile ilikuwa muda wa saa tano nzima. Wewe hata nusu saa hujafikisha."

Eudoksi akainamisha macho. Zulma akafunga uzi uliokuwa umekatika sasa hivi, akamgusa mwenzake kiwiko ili atazame.

"Lakini imetosha, shoga. Sikudai tena."