Insha Aliyosahihisha Mama

Mama alifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata sasa akiwa amestaafu hawezi kupita mbele ya bango la duka bila kulisahihisha kimoyomoyo, midomo ikicheza. Fundi aliyetujengea ukuta hapa Kiamunyi alimwambia siku moja, "Mathe, hii ukuta itasimama miaka mingi." Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Ukuta huu utasimama, mwanangu." Fundi akadhani amebarikiwa, akashukuru.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba kule Elburgon kumefunguliwa makumbusho madogo ya watoto waliokimbia makwao wakati wa mapigano ya baada ya uchaguzi. Si jengo kubwa, aliniambia, ni vyumba viwili vya ghala la zamani la mahindi, na vitu vyote vililetwa na wenyewe, watu ambao siku hizo walikuwa watoto na sasa wana watoto wao. Nikamwambia Mama twende. Akakataa.

"Niende kutazama nini? Mimi nilikuwa huko."

Alikuwa huko kweli. Shule zilipofunguliwa mwaka ule, mahema yalikuwa yamejaa ukingoni mwa mji wa Nakuru, na yeye ni mmoja wa walimu waliotumwa kufundisha huko kambini. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Ninachokumbuka ni viatu vyake vikirudi na matope kila jioni, na mafurushi ya madaftari ambayo Jumamosi alikuwa akiyasahihisha barazani, amekunja miguu chini ya kiti. Nilimsaidia kuyapanga. Sikuyasoma.

Alikubali kwenda wiki mbili baadaye, kwa sababu alitaka miche ya misonobari ya kupanda kando ya ukuta, na mtu kanisani alimwambia miche mizuri iko Elburgon. Hivyo tukaondoka Jumamosi asubuhi kwa gari langu, Mama akiwa ameshikilia thamosi ya chai mapajani kama mtoto mchanga. Mpaka Njoro alikuwa akinisimulia habari za goti lake.

Ghala liko nyuma ya soko. Mlangoni tulipokewa na msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye sweta la manjano na tabasamu la kweli.

"Karibuni, mathe. Tembeeni pole pole. Kitu mkitaka kujua, niulizeni."

Chumba cha kwanza kilikuwa na meza ndefu na vitu vimewekwa kimoja kimoja, vikiwa na nafasi ya kutosha katikati yake. Sweta la shule la kijani lililoungua mkono mmoja. Mwanasesere wa gunzi la mahindi. Sahani ya plastiki ya bluu. Kiatu kimoja tu cha mtoto wa kama miaka minne. Kando ya kila kitu palikuwa na kadi yenye umri wa mtoto aliyekibeba na maneno machache. Hakuna kadi iliyotaja kabila. Kama mtoto alikuwa wa upande huu au ule, hungejua. Mama alizisoma zote kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi kuhakikisha.

"Wamefanya vizuri," akasema. "Mtoto ni mtoto."

Palipokuwa na gunzi alicheka kidogo. Dada yake alikuwa na mwanasesere kama huyo, akaniambia, na siku moja kuku walimla usoni. Tukasimama hapo tukicheka, halafu tukasoma kadi yake tena na tukaacha kucheka.

Ni katika chumba cha pili ndipo nilipomsikia akiita jina langu kwa sauti ambayo huitumia anapoona nyoka.

Alikuwa ameinama juu ya kisanduku cha kioo. Ndani yake palikuwa na daftari la mazoezi, lenye jalada lililochakaa, limefunguliwa katikati. Kadi ilisema: Mvulana, miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kurasa zilikuwa na mwandiko wa penseli ulioinamia upande mmoja kama nyasi, na juu yake palikuwa na mistari myekundu, miduara, mishale, na maneno pembeni. Sikuhitaji kuambiwa. Mwandiko huo mwekundu ndio umeandika orodha za soko za nyumba yetu maisha yangu yote.

Insha yenyewe ilikuwa na kichwa "Siku Ambayo Sitaisahau". Nilisoma sehemu iliyoonekana.

"Baba alisema tutoke mbio. Moshi ilikuwa mingi. Mama alibeba mtoto na mimi nikabeba sufuria. Tulilala kwa msitu siku mbili. Mbwa yetu ilitufuata mpaka Molo na sasa inalala na sisi kwa hema."

Mama alikuwa amekata "ilikuwa mingi" akaandika "ulikuwa mwingi". Alikuwa amekata "yetu" akaandika "wetu". Kando ya mbwa aliandika neno moja, "Kweli?" Chini kabisa, ndani ya duara: 17/40. Zingatia ngeli. Hati iboreshwe.

Mama aliweka kiganja juu ya kioo.

"Kumi na saba," akasema. "Mtoto amechomewa nyumba, mimi nampa kumi na saba."

Nikamshika mkono, nao ulikuwa baridi. Yule msichana wa sweta la manjano aliona kitu si sawa, akaja na kiti. Mama akakaa. Nikamweleza kwamba huyu ndiye mwalimu aliyesahihisha.

"Huyu? Hapa?" Msichana akashika mdomo. "Mathe, watu wanauliza kila siku huyo mwalimu alikuwa nani! Mwenye kitabu yuko Keringet. Siwezi kuwapatia namba yake, lakini naweza kumpigia mimi mwenyewe."

Kabla sijasema lolote alikuwa amekwisha kupiga na kuweka sauti ya juu. Tulisikia trekta kwa mbali, kisha mwanamume.

"Boss, niko hapa na mathe mmoja," msichana akasema. "Ni yeye aliandika hiyo wino nyekundu."

Trekta likaendelea kunguruma. Kisha mwanamume akauliza, polepole, "Mwalimu wa hema?"

"Ndiye mimi," Mama akasema.

"Mwalimu, ulinipea kumi na saba."

"Nilikupa."

Hata leo sijui kama alikuwa akikiri au akimsahihisha. Lakini mwanamume yule alicheka kicheko kikubwa, na Mama, aliyekuwa karibu kulia, akacheka pia bila kutaka.

"Nisamehe, mwanangu," akasema alipotulia. "Haikuwa haki."

"Hapana, Mwalimu. Sikiza." Trekta lilizimwa. "Tangu tufike pale kambini nilikuwa nafikiria moto peke yake. Nikilala ni moto, nikila ni moto. Halafu ukanirudishia kitabu. Nilikasirika wiki mzima! Nilitembea kwa hiyo kambi nikiuliza kila mtu kama moshi ni mingi au ni mwingi. Hiyo wiki sikufikiria moto."

Msichana wa sweta aligeuka akajifanya anapangusa kioo.

"Na ile Kweli uliandika hapo kando," mwanamume akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Hakuna mtu mwingine aliniuliza. Haikuja, Mwalimu. Hiyo mbwa. Mimi ndio nilikuwa nimeifunga asubuhi hiyo, isisumbue mbuzi za jirani. Tulipotoka sikukumbuka."

Mama alifumba macho.

"Nilijua," akasema. "Niliposoma insha yako niliamini. Nikamfungia mbwa wako mifupa kwenye karatasi, nikaja nayo Jumatatu. Nikazunguka hema lenu pande zote. Sikuona mbwa wala bakuli la mbwa. Ndipo nikaandika vile, kabla sijawarudishia madaftari. Nilidhani utakuja kuniambia. Hukuja, nami nikaogopa kukuuliza."

"Ulikuja na mifupa?"

"Ya ng'ombe. Mizuri."

Habari ya mifupa mimi sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hiyo, nikimcheka kwa ukali wake wa ngeli, na sikujua kwamba Jumatatu moja aliingia kambini na mifupa ndani ya mkoba wake wa madaftari akimtafuta mbwa.

Tulimwachia msichana namba yetu, tukaondoka saa nane hivi. Miche tulinunua, ishirini, tukaipanga nyuma ya gari. Tulikuwa tumekaribia Njoro Mama alipoanza kuzungumza.

"Wanafunzi walikuwa zaidi ya tisini katika hema moja," akasema, akitazama mashamba ya ngano. "Wengine hawakuwa na kalamu. Ningekuwa daktari ningewatibu. Ningekuwa seremala ningewajengea. Mimi nilijua ngeli tu."

Nikamwambia ilitosha. Akaniambia nitazame barabara.

Mwanamume yule alikuja kwetu Jumapili ya tatu baada ya hapo. Alikuwa amemwomba yule msichana amuulize Mama kama anaweza kutembelea, na Mama tangu Ijumaa alikuwa anapangusa viti ambavyo havikuwa na vumbi. Alishuka kutoka kwenye pikapu, mtu mrefu mwenye mabega mapana, akavua kofia langoni kabla hata hajaingia. Alikuwa ameleta gunia la viazi vya Keringet. Alisimama mbele ya Mama kama anayesubiri kuambiwa akae, na Mama akamwambia akae.

Alikula chapati nne. Alitueleza kwamba familia yao haikurudi kwenye shamba la zamani. Baba yake alikodisha kule Keringet, wakazoea, na sasa yeye mwenyewe analima ekari kadhaa. Mama alimuuliza kuhusu watoto, akamuuliza kuhusu baridi ya huko, akamuuliza kama viazi vinashikwa na ugonjwa msimu huu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nimefikiria sana," akasema. "Naweza kuongeza. Ishirini na nane."

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ishirini na tano. Masimulizi yako yalikuwa mazuri. Sufuria ilinigusa."

"Hiyo itakuwa huruma," akasema, akicheka. "Kumi na saba nilifanyia kazi. Wacha ikae."

Walibishana hivyo kwa muda, na mimi nikaenda jikoni kuongeza chai. Niliporudi nilikuta wamesogeza viti karibu. Mama alikuwa amemuuliza mbwa alikuwa wa aina gani, na yeye alikuwa akimweleza. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuwa anaogopa mvua kuliko kitu chochote. Mawingu yakikusanyika juu ya msitu wa Mau, yeye tayari yuko chini ya ghala la mahindi. Asubuhi mbwa alikuwa akimsindikiza akienda shule mpaka darajani, si hatua moja zaidi, na alasiri mvulana akirudi alimkuta pale pale darajani, kana kwamba hakuwa na mambo mengine siku nzima.

"Alikuwa anajuaje saa?" Mama akauliza.

"Hiyo sijui mpaka leo, Mwalimu."

Nikawamiminia chai, nikavuta kigoda, nami nikakaa nimsikilize.