Ng'ombe Mwenye Mimba na Senene Wazima

Siku yangu ya kwanza machinjioni, pembeni mwa Jiji la Mwanza, nilifika kujifunza ukaguzi wa nyama, na mabuti mapya ya mpira na kisu kilichonolewa vizuri. Mkaguzi Mkuu wa Nyama, Msukuma mrefu asiyependa maneno mengi, aliniambia nikiweke chini kisu.

"Nyama haianzii kwenye ndoano, inaanzia zizini. Nenda ukawaangalie wakiwa hai."

Ndivyo nilivyojifunza ukaguzi wa kabla ya kuchinja. Ng'ombe aliyeswagwa kutoka mnadani alipaswa kupumzika na kunywa maji; akichinjwa amechoka na ana hofu, nyama yake huwa nyeusi na haikai bila kuharibika. Mzee yule alikuwa na sababu nyingine pia. "Hata kama ingekaa," alisema, "anayekulisha usimtese." Fimbo zenye misumari za waswagaji alizivunja mwenyewe gotini.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa machinjio madogo kando ya ziwa, nikiwa mkaguzi peke yangu. Asubuhi moja mwenye bucha alileta ng'ombe jike, mnene kweli. Nilimpapasa ubavuni, ndama akapiga teke chini ya kiganja changu. Nikakataa. Mwenye bucha akampigia simu bosi wangu, Ofisa Mifugo, ambaye alikuwa ameahidi nyama kwa harusi ya mdogo wake. Akaja mwenyewe.

"Mama, wageni wako njiani. Piga muhuri kwenye kibali, achinjwe."

"Bosi, huyu ana mimba kubwa. Sheria inakataa."

"Sheria nilianza kuijua kabla yako."

"Basi muhuri huu hapa. Upige wewe, na jina uandike lako."

Nikauweka mezani. Aliutazama, akageuka, akaondoka. Harusi ikala samaki, sato wa ziwani. Ng'ombe alirudishwa kwa mfugaji wake, akazaa juma lililofuata. Mimi nilipewa uhamisho wa kwenda kisiwani Ukerewe kabla mwezi haujaisha. Sikujuta. Kule nako nilikagua vilevile mpaka nikastaafu.

Sasa naishi Mkuyuni, jijini Mwanza. Wengine hudhani mkaguzi mstaafu hagusi nyama. Nakula, tena kwa hamu. Lakini kustaafu hakukumaliza mafunzo. Msimu uliopita wa senene, panzi wetu watamu wa Kagera, nilikuwa nimekaa na ndoo nikiwanyonyoa mabawa na miguu kama mama alivyonifundisha Bukoba, mara akaingia jirani yangu, Mama Kulwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu senene."

Akachungulia ndooni. "Mbona bado wanachezacheza? Si ungewaua kwanza?"

Kama senene husikia maumivu, sijui. Lakini kwa ng'ombe sikuwahi kusubiri aniambie. Nikainuka, nikabandika maji jikoni.

Tangu siku hiyo nawamwagia kwanza maji yanayochemka, wafe mara moja. Mabawa yakilowa hung'ang'ania, na kazi huwa ndefu maradufu. Mume wangu hulalamika kwamba chakula kinachelewa. Namsogezea ungo, naye anyonyoe.