Programu Mpya ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu na mimi tulifanya biashara ya video pale Kibomet, mjini Kitale, bila kuketi chumba kimoja. Asiyetoka kwetu upande wa Bungoma anaweza kufikiri tulikuwa na ugomvi. Hatukuwa na ugomvi. Mume wa binti yako ni mtu wa kuheshimiwa, na heshima yenyewe ni kumkwepa. Humshiki mkono, huli naye meza moja, na akitokea kwenye njia unatafuta njia nyingine. Yeye naye anafanya vivyo hivyo, hadi wakati mwingine njia inabaki tupu. Watoto wangu waliookoka waliniambia ati mambo hayo Yesu aliyaondoa. Niliwaambia mimi bado hajaniambia.

Ploti yangu ina vyumba vya mbele vinavyotazama barabara, na nyumba yangu iko nyuma yake. Chumba kimoja cha mbele niliwapa binti yangu na mumewe wafungue duka la video. Kamera ilikuwa ya mkwe. Kompyuta niliinunua mimi, nikauza mtamba wangu mwekundu ambaye hata leo namkumbuka. Mkwe aliingia kwa mlango wa barabarani, jioni wakarudi kwao nyuma ya kanisa. Mimi mlango ule sikuupita tena tangu siku alipoweka meza yake.

Kazi zilikuwa harusi, mazishi, na tohara Agosti ikifika. Kazi yangu mimi ilikuwa ya mwisho. Kabla mteja hajapewa video yake, binti yangu aliniletea kwanza, nikaitazama yote kwenye televisheni yangu na kusema kirekebishwe nini. Shule niliacha mapema, lakini harusi nimehudhuria nyingi, najua ni nani asipoonekana ukoo utagombana.

Programu aliyotumia mkwe wangu kukata na kuunganisha picha ilikuwa na madoido. Bibi harusi akiteremka kwenye gari, mioyo myekundu inapanda kutoka chini ya kioo. Bwana harusi akitabasamu, njiwa wanapita. Picha moja ikitoka nyingine ikiingia, inafunuka kama ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Watu walipenda sana. Mimi pia nilipenda, na sitaki mtu aje leo aniambie haikuwa nzuri.

Shida yake ni kwamba haikuweza mzigo mrefu. Harusi ikipita katikati, sauti inaanza kuachwa nyuma na picha. Mchungaji anafungua kinywa, kinatoka kigelegele. Shangazi anapiga kigelegele, inatoka Amina. Halafu kompyuta inaganda, mkwe anaizima, anaanza tena. Mara ya kwanza alisema ni stima. Mara ya pili, stima pia. Nilimtumia neno kupitia binti yangu kwamba stima hiyohiyo ndiyo inawasha televisheni yangu, na mtu wa taarifa ya habari mdomo wake unakwenda sawa na maneno yake.

Ndipo ikaja harusi ya Bungoma. Mama ya bibi harusi alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwake, mwanamke wa kusema jambo mara moja. Alituma habari kwamba Jumamosi atakuja Kitale mwenyewe kuitazama video, na kama midomo haipatani na sauti, atazichukua kanda zake azipeleke kwa kijana mmoja aliyefungua duka karibu na soko la Bungoma. Kijana huyo alikuwa na programu mpya. Na mama yule akienda mahali, mabibi harusi wote wa kanisa wangemfuata.

Mkwe wangu naye alitaka ile programu mpya. Alikuwa amepewa sidii yake na rafiki wa Eldoret, akajifunza huko. Kitu kimoja tu kilimzuia: programu mpya haikuweza kufungua kazi iliyofanywa na ile ya zamani. Harusi ambayo alikuwa ameifikisha mpaka kwenye keki ingebidi ianze upya tangu bibi harusi akisukwa nywele. Na kompyuta ni yangu, hakuweza kuingiza kitu ndani yake bila kuniuliza.

Nilikataa. Nilikuwa nimeona kazi ya yule kijana wa Bungoma. Mpwa wangu alipooa, yeye ndiye alipiga video. Nilicheza siku hiyo kutoka getini mpaka kwenye tenti, tena kwa jua. Video ilipotoka ilikuwa fupi kama tangazo la sabuni, picha zinarukaruka, na mimi katika harusi nzima nilionekana viatu tu. Nilivitambua kwa sababu ni mimi nilivipaka rangi. Sasa mtu aniambie tubebe programu ya aina hiyo tuilete nyumbani.

Binti yangu alipeleka neno. Akarudi na neno lingine. Akapeleka la kwangu. Siku ya pili ya kwenda na kurudi alikuwa anaosha sufuria nje, akasema bila kunitazama kwamba mumewe amesema kanisa lile likiondoka atafunga duka, wahamie Nairobi, ndugu yake amtafutie kazi. Nikamwambia aache sufuria aseme tena vizuri. Alisema tena, maneno yaleyale. Sikuwa na binti mwingine aliyebaki karibu.

Nilianza kumpa jibu apeleke, lakini aliinuka akafuta mikono.

"Mama, mimi si busta ya simu, ya kupitisha maneno yenu," akasema. "Ukikasirika unanifokea mimi, naye akikasirika ananinunia mimi, na hakuna kati yenu ameniuliza mimi nataka nini. Mtafutane wenyewe."

"Tutatafutana namna gani na wewe unajua?"

"Basi nyamazeni tuhame."

Simu nilikuwa nayo, ile ndogo ya tochi tunayoita mulika mwizi, na namba ya mkwe ilikuwamo. Lakini sauti ya mkwe kuingia moja kwa moja sikioni mwangu niliona ni sawa na kuingia chumbani. Nikakaa na hasira yangu mpaka kesho yake asubuhi. Nilipofungua mlango nilikuta kamera imesimama barazani juu ya stendi yake ya miguu mitatu, inatazama kiti changu. Binti yangu alikuwa kando yake. Akasema huo ndio mzigo wa mwisho anaobeba: niketi, niseme yote niliyo nayo, mumewe atatazama akiwa dukani. Akabonyeza kitufe chekundu, akaenda zake.

Nilifikiria. Picha ya mkwe ukutani sikuwahi kuikataa, iko pale na suti yake ya harusi. Nikaona kanda ni picha vilevile, ila inasema. Nikaketi, nikafunga leso vizuri.

Nilisema mengi. Nilimwambia kazi ya wiki nzima haitupwi kama maji ya vyombo. Nilimwambia habari ya viatu vyangu. Nilimwambia video ya harusi watu hawatazami kuona bibi harusi, bibi harusi wanamjua, wanatazama kujiona wao. Katikati kuku aliingia kwenye mahindi niliyoanika, nikainuka kumfukuza, nikarudi, nikakohoa, nikasahau nilipofika, nikaanzia mahali pengine. Nilipomaliza sikujua namna ya kuizima, nikaifunika na kitambaa cha meza.

Jibu lilikuja jioni, sidii ndani ya bahasha, imewekwa dirishani. Nikaitia kwenye deki.

Kwanza niliona ameiweka ile hotuba yangu kwa programu ya zamani. Niko pale, uso umekunjamana, ninamwonya mtu, na mioyo myekundu inapanda kutoka magotini kwangu. Nilipotaja maji ya vyombo njiwa walipita kwenye paji la uso. Nilipofika kwenye viatu nikafunuka kama kitabu cha nyimbo, nikatokea tena upande wa pili bado nafoka. Kuelekea mwisho sauti ilishaachwa nyuma, mdomo umefungwa na maneno yanaendelea, hata nikafukuza kuku huku nasikika nikisema bibi harusi wanamjua. Binti yangu alikuja mbio kutoka dukani kuuliza ni nani anacheka humo ndani. Nilimwambia ni televisheni.

Halafu ikaja ya pili, ya programu mpya, aliyoitengeneza kwenye kompyuta ya kuazima. Hapo hapakuwa na njiwa. Kila neno lilikaa mdomoni mwake. Nilikuwa mwanamke mzee aliyenyooka, anasema mambo yake moja baada ya lingine, hakohoi, hasahau, hana kuku. Nilijitazama nikajiona kama mkuu wa wilaya. Nilirudisha nikatazama tena. Nikatazama mara nyingine, na mara hiyo kitu kikaanza kunisumbua, kwa sababu yule mwanamke alisema vizuri kuliko mimi.

Asubuhi nilimwita binti yangu aje abonyeze kile kitufe tu, kubonyeza si kubeba. Nikaiambia kamera:

"Mkwe, nimeona. Midomo inapatana, hapo umenishinda. Lakini kuku wangu umempeleka wapi?"

Jibu lake halikuchelewa. Yeye hakuwa mtu wa maneno, na kwenye picha alitazama chini, si kwenye kamera, kama ambavyo angefanya kama mimi ningekuwa pale.

"Mulembe, mama. Kuku nilimtoa mimi. Hiyo programu haitoi mtu, inatoa kile mkono umeiambia. Nilitaka uonekane mtu wa maana."

Nikamrudishia: "Na nikifukuza kuku mimi si mtu wa maana?"

Kanda iliyofuata ilianza naye ametazama chini. Alikuna shingo. Kisha akasema, "Ni mtu wa maana, mama." Akasema tena kwamba kuku atarudi, na kama nikimruhusu, harusi ya Bungoma ataianza upya usiku na mchana, na hatakata mtu bila mimi kujua. Alisema pia kwamba Nairobi hapendi.

Hilo la Nairobi nilirudisha nikalisikiliza tena. Halafu nikampa ruhusa, na sharti langu. Nilimwambia yule kijana wa sokoni hakukosa programu, alikosa kujua ni nani amecheza kutoka getini. Kwa hiyo kila sehemu aliyotaka kuikata aniletee kwanza niione. Aweke mashangazi wote wa bibi harusi waliotoka Lwakhakha, hata yule anayecheza vibaya, hasa yule. Na mama ya bibi harusi asimkate popote.

Wiki hiyo bahasha zilikuja dirishani kama barua za serikali. Mapishi niliruhusu yapunguzwe, kwa sababu sufuria ikichemka ni ileile. Hotuba ya msimamizi wa harusi niliruhusu ipunguzwe, tena nikamwambia angekuwa amefanya hivyo siku yenyewe. Lakini kulikuwa na mahali fulani, gari limeshamchukua bibi harusi, kamera ikabaki kwa mama yake mlangoni. Hakulia. Alifunga kitambaa chake cha kichwa, akakifungua, akakifunga tena, akatazama barabara, akakifungua. Ilikuwa ndefu na hakuna kilichotokea. Mkwe aliuliza kwa kamera kama aitoe, maana wimbo ungeingia vizuri hapo. Nilimwambia akitaka kutoa kitu atoe shati lake, hiyo aiache, na wimbo usiingie.

Jumamosi mama yule alifika na dada yake, wamevaa sare za kanisa. Nikawakaribisha kwangu sebuleni kwa chai na mandazi. Mkwe wangu alijificha dukani. Binti yangu aliweka sidii, akasimama nyuma ya kiti changu, nikamsikia anavyopumua.

Midomo ilipatana tangu mwanzo. Mchungaji alisema Amina yake mwenyewe. Mashangazi walipotokea, dada mtu aliwataja mmoja mmoja, akacheka mpaka chai ikamwagika. Mama ya bibi harusi hakucheka. Alitazama kama mtu anayehesabu watu, na mimi nilimwelewa.

Gari lilipoondoka, akajiona mlangoni na kile kitambaa.  Pakapita, ikaja keki, naye akaweka kikombe chini.

"Rudisha hapo," akaniambia.

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Nikarudisha. Akajitazama tena mpaka mwisho, akavuta kamasi, akamwambia dada yake asimtazame.

Kisha akajikaza, sauti ikarudi ile ya mwenyekiti, akauliza mbona hakuna maua, mbona video ya jirani yake ilikuwa na njiwa.

"Njiwa hawakualikwa," nikamwambia.

 Akasema anataka nakala yake, nyingine ya wakwe zake, na kwamba kanisani kuna harusi inakuja mwezi ujao na nyingine baada ya mavuno, na sasa aonyeshwe huyo mtu aliyeitengeneza. Binti yangu alinishika bega kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akatoka kumwita.

Ikabidi niondoke. Niliinuka, nikawaambia wageni nisamehewe, mkwe anaingia, nao wakaelewa mara moja kwa sababu ni watu wetu. Nikatoka kwa mlango wa jikoni wakati yeye anaingia kwa ule wa mbele. Nilisimama kwenye sukuma wiki, manyunyu yanaanza, nikasikia kwa dirisha mama yule akimsifu, na yeye akijibu kwa sauti ndogo ati kuna mtu alikuwa anamkagua. Walicheka. Sikusikia alisema nini baada ya hapo, maana nilikuwa mbali kama inavyotakiwa. Walikaa sana, kisha wageni wakaenda zao na mkwe akarudi dukani. Mandazi yalikuwa yameisha niliporudi ndani, na mtu alikuwa amekalia kiti changu nilichokiacha wazi mkwe alipoingia, kilikuwa bado na joto.