Mguu wa Kushoto wa Mgeni Wetu

Juzi wajukuu zangu walikuwa wanatazama mpira wa kombe kwenye televisheni, ile michezo ambayo anayefungwa anafungasha virago. Timu moja ilikuwa imetoka mkoa wa mbali sana. Nikauliza, "Hawa wageni wamelala kwa nani?" Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Bibi, wamelala hotelini!" Wao wana haraka, lakini wewe nitakueleza.

Kwetu Nyabiyonza, miaka ya hamsini, nilipokuwa bado na mapengo ya meno ya mbele, kombe la shule lilichezwa hivi. Walimu walikutana, wakaandika majina ya shule kwenye vikaratasi, wakavitia ndani ya kofia na kuvitoa viwili viwili. Mliotoka pamoja ndio mnaocheza. Ukifungwa mara moja tu, basi, unarudi kupalilia migomba mpaka mwakani. Mkitoka sare mnarudia kesho yake, na keshokutwa ikibidi. Shule ya mwisho kubaki katika Karagwe nzima, na Kyerwa ya siku hizi ilikuwa humo humo, ilipandishwa lori kwenda Bukoba kupambana na mabingwa wa huko. Kombe lenyewe lilikaa huko Bukoba, na kwetu hakuna aliyewahi kuliona. Bibi yangu alikuwa akiwatania wachezaji: "Jasho lote hilo kwa ajili ya kikombe, na vikombe vimejaa jikoni kwangu?"

Kaka yangu alikuwa kipa. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na baada ya hapo alikuwa anasubiriwa na kahawa ya baba. Nikwambie ukweli, kombe hakulitaka hata kidogo. Alitaka kuliona ziwa. Mwenye duka aliyetoka Bukoba alikuwa amemwambia kwamba ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, na kaka hakuweza kulala kwa jambo hilo. Aliniahidi kuniletea maji ya ziwa. Nikatafuta chupa ya mafuta ya taa, nikaisugua kwa majivu siku mbili, nikawa natembea nayo kila mahali.

Tulishinda mpaka tukabaki sisi na Nyakatuntu, na wao ndio waliopaswa kuja kwetu. Siku hizo timu ngeni ilitembea kwa miguu kutwa nzima, na ikifika, wachezaji waligawanywa kwenye nyumba za wenyeji. Kila nyumba ilichukua kijana mmoja, ikamlisha na kumlaza. Sisi tulipangiwa yule mfungaji wao wa mguu wa kushoto, ambaye habari zake zilikuwa zimetufikia kabla yake. Akaingia uani jioni akichechemea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyegera waitu, karibu mwanangu. Huo mguu una nini?"

"Ni funza, bibi. Tangu juzi."

Ulikuwa mguu ule ule wa kushoto. Kaka alisimama mlangoni akiutazama kidole kilivyovimba. Najua alichowaza, kwa sababu hata mimi niliwaza hicho hicho. Kisha akageuka, akaenda kuleta pini.

Mimi ndiye niliyeshika koroboi. Bibi aliukalisha ule mguu mapajani mwake, akatoa funza watatu wazima wazima, taratibu, akimsimulia mgeni mambo ya ng'ombe ili asahau maumivu. Kwenye vidonda alitia samli ya moto. Baadaye tulikula ndizi na maharage, na mgeni akawekewa samli mara mbili, jambo lililoniuma kuliko funza wake. Usiku walilala yeye na kaka bega kwa bega kwenye nyasi mpya zilizotandazwa sakafuni. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi, moyo wangu unarudi kwenye nyumba ile.

Magoli yetu yalikuwa miti ya mikaratusi bila wavu, kwa hiyo mzee mmoja aliwekwa nyuma ya kila goli athibitishe kama mpira umepita. Kesho yake mchezo ulikaribia kwisha bila bao. Mgeni wetu akaupata mpira, hachechemei tena, akaupiga kwa kushoto. Kaka aliruka upande ule ule, akaugusa kwa ncha za vidole, ukapita. Mzee hakuwa na haja ya kuthibitisha chochote.

"Bibi yenu ndiye aliyetufunga!" jirani yetu alipiga kelele.

Bibi hakutikisika. "Ulitaka nimlaze kwangu na funza?"

Nililia kwa hasira. Mgeni alipokuja kuaga, bibi akampa kahawa za kutafuna, akanigeukia: "Mgeni anasindikizwa. Beba mzigo wake." Nikaubeba mpaka kijitoni nikiwa nimenuna. Hapo akaniuliza kisa cha ile chupa niliyoikumbatia. Nikamwambia yote, ziwa na ahadi, kisha nikamsukumizia chupa tumboni. "Basi nenda nayo wewe!"

Baada ya majuma matatu, mchana, mbwa wetu alibweka. Alikuwa yeye. Huko Bukoba timu yake ilikuwa imefungwa mchezo wa kwanza, na wakati wa kurudi aliteremka kwenye lori njia panda akatembea nusu siku nzima kuja kwetu. Alikuwa na chupa yangu, imezibwa kwa gunzi. Aliikabidhi kwangu kwa mikono miwili, nami nikampa kaka.

Kaka alimimina kikombeni, akanywa, akampitishia mgeni, kisha mimi, kisha bibi. Bibi alisema yananuka mafuta ya taa, akameza hata hivyo.

"Ng'ambo uliiona?" kaka akauliza.

"Sikuiona. Nilipanda juu ya jiwe, sikuiona."

Wakakaa uani mpaka ng'ombe wakarudi, mmoja akieleza, mwingine akiuliza.

Bibi alitutoka zamani, na uwanja ule umegeuka shamba la mahindi. Kaka alikuja kuliona ziwa akiwa mzee wa mvi, amelala kitandani karibu na dirisha la hospitali Bukoba, miguu haiwezi tena kumfikisha majini. Nikamwuliza likoje. Akalitazama tena. "Ndivyo alivyotueleza mgeni wetu," akasema.

Juzi kwenye televisheni mchezo uliisha. Walioshinda wakacheza, na waliofungwa wakaonyeshwa wakiingia kwenye basi, mapazia yakavutwa. Nilitamani kuuliza nani anawasindikiza. Wangenicheka tena.